Manyani, London na Dakar: Nani Amhukumu Afisa Aliyetesa?

Kambi ya Manyani, iliyojengwa kando ya reli na barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa, kaskazini magharibi mwa mji wa Voi katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Taita Taveta, ilikuwa kubwa kuliko kambi zote ambamo serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwazuia watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau wakati wa Hali ya Hatari, yaani kipindi cha kuanzia Oktoba 1952 hadi Januari 1960 ambapo gavana alitawala kwa amri za dharura. Baada ya msako mkubwa ulioanza Nairobi tarehe 24 Aprili 1954, maelfu ya Wagikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa na kupelekwa Manyani na Mackinnon Road, wengi wao bila kushtakiwa kwa kosa lolote, na ilipofurika zaidi kambi ya Manyani ilikuwa na watu zaidi ya 15,000 katika nyika kavu ya Tsavo. Homa ya matumbo iliyozuka humo mwaka huohuo iliua makumi ya watu. Josiah Mwangi Kariuki, aliyekuja kuwa mbunge mashuhuri wa Kenya huru, alipitia kambi hiyo, na katika kitabu chake cha mwaka 1963 alieleza vipigo walivyovipata wafungwa wa Hali ya Hatari.

Kwa sababu ya historia hiyo, swali ambalo huonekana kuwa la majaji wa Ulaya peke yao ni swali la wakazi wa Voi vilevile: je, ni haki mahakama ya nchi moja kumshtaki na kumhukumu afisa wa nchi nyingine kwa kosa la kuwatesa watu? Makala haya yanashikilia kwamba ni haki, na kwamba pale ambapo mahakama za nchi ya afisa huyo zimefumba macho ni wajibu, mradi kanuni hiyo imshike mkubwa kama inavyomshika mdogo, na mradi nchi za Afrika ziitumie zenyewe badala ya kuwaachia wengine.

Katika sheria ya kimataifa, utesaji si ukatili wa aina yoyote tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Utesaji, uliopitishwa tarehe 10 Desemba 1984 na kuanza kutumika mwaka 1987, unaueleza kuwa ni kumsababishia mtu maumivu makali ya mwili au ya akili kwa makusudi, kwa ajili ya kupata habari au ungamo, kumwadhibu, kumtisha au kumbagua, pale ambapo maumivu hayo yanasababishwa na afisa wa umma au kwa uchochezi au ridhaa yake. Kiini cha kosa, kwa hiyo, ni kwamba mkono unaopiga ni mkono wa dola. Jambazi anayempiga mtu usiku anaweza kushtakiwa na polisi asubuhi, lakini anayepigwa na polisi, na askari jela, na ofisa wa wilaya, huku kila mmoja wao akimlinda mwenzake, hana pa kupeleka malalamiko ndani ya nchi yake, na hapo ndipo haja ya mahakama ya nje inapoanzia.

Yaliyotokea Kenya katika miaka ya 1950 yanaonyesha jinsi mlango wa ndani unavyofungwa. Kanali Arthur Young, aliyeletwa kutoka London mwaka 1954 kuwa kamishna wa polisi, alijaribu kuwachunguza askari na maofisa waliotuhumiwa kuua na kupiga, akazuiwa na utawala, na mwaka huo haujaisha alikuwa amejiuzulu. Tarehe 18 Januari 1955 Gavana Evelyn Baring alitangaza msamaha ambao, pamoja na kuwaahidi wapiganaji wa Mau Mau waliojisalimisha kwamba hawatanyongwa, uliwaondolea askari wa serikali hatari ya kushtakiwa kwa makosa waliyokuwa wameyatenda hadi siku hiyo. Kisha, mwaka 1957, wafungwa waliohesabiwa kuwa wakaidi walianza kuhamishwa kwa makundi madogomadogo kutoka Manyani kwenda kambi za Mwea, ambako walipokewa kwa vipigo vilivyopangwa ili wakubali kuungama kiapo cha Mau Mau, naye Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, akamwandikia gavana maelezo ya namna nguvu hiyo itumike bila kuvuka mpaka wa sheria, yakiwa ni pamoja na sehemu za mwili ambazo zisipigwe. Msomaji azingatie kwamba huyo ndiye aliyekuwa msimamizi mkuu wa mashtaka katika koloni. Hapakuwa na mwendesha mashtaka mwingine wa kumwendea. Wakati wafungwa 11 walipopigwa hadi kufa katika kambi ya Hola tarehe 3 Machi 1959, taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji, na hata ukweli ulipofichuka bungeni London hakuna afisa aliyepandishwa kizimbani kwa vifo hivyo.

Ilichukua zaidi ya miaka 50 kwa walionusurika kupata mahakama ya kuwasikiliza, nayo ilikuwa ng'ambo. Mwaka 2009 wazee watano, wanaume watatu na wanawake wawili, mmoja wao akifariki kabla kesi haijasikilizwa, walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London dhidi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, wakisaidiwa na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni shirika lisilo la kiserikali, na kampuni ya mawakili ya Leigh Day. Serikali ya Uingereza ilijibu kwamba dhima yote, yaani wajibu wa kisheria wa kubeba lawama na kulipa, ilirithiwa na Jamhuri ya Kenya siku ya uhuru, hoja ambayo kwa maana yake halisi iliwataka waliopigwa wajilipe wenyewe kutokana na kodi zao. Jaji Richard McCombe aliikataa tarehe 21 Julai 2011 kuwa sababu ya kuitupa kesi, na tarehe 5 Oktoba 2012 akakataa pia hoja ya ukomo wa muda, yaani kanuni inayozuia kesi kufunguliwa baada ya miaka kadhaa kupita. Sababu yake ilikuwa kwamba ushahidi wa maandishi ulikuwa mwingi kiasi cha kuwezesha kesi ya haki. Maandishi hayo yalijumuisha majalada takriban 1,500 kuhusu Kenya, yaliyoondolewa nchini wakati wa uhuru na kuwekwa mbali na macho ya umma hadi yalipofichuliwa mwaka 2011 katika jengo la serikali huko Hanslope Park.

Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje William Hague alikiri bungeni kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni, akaeleza masikitiko ya serikali yake, na akatangaza malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa madai ya watu 5,228, huku akisisitiza kwamba serikali ya sasa haikubali dhima. Kundi la pili, lenye wadai zaidi ya 40,000, halikuwa na bahati hiyo, kwa kuwa mwaka 2018 mahakama ileile iliona kwamba muda uliopita ulikuwa mrefu mno kwa kesi kuendeshwa kwa haki.

Ni lazima kutofautisha hapa kesi ya madai na kesi ya jinai. Katika kesi ya madai anayedhurika hudai fidia. Katika kesi ya jinai dola humshtaki mtu binafsi na kumfunga akipatikana na hatia. Wazee wa Mau Mau walipata ile ya kwanza, na waliipata katika mahakama ya nchi iliyowatesa, lakini kesi hiyo haikumtia hatiani mtu yeyote kwa jina kwa kilichofanyika Manyani, Mwea au Hola. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988, ambayo katika kifungu chake cha 134 inaziruhusu mahakama zake kumshtaki afisa wa taifa lolote kwa utesaji uliotendwa popote duniani, haikuandikwa ili irudi nyuma hadi miaka ya 1950. Mamlaka ya namna hiyo, ambayo haitegemei mahali kosa lilipotendwa wala uraia wa mshtakiwa au wa aliyeumizwa, ndiyo wanasheria huita mamlaka ya kimataifa ya mahakama za kitaifa.

Nguvu yake ilionekana London tarehe 16 Oktoba 1998, pale Augusto Pinochet, aliyekuwa mtawala wa Chile, alipokamatwa kwa ombi la jaji wa Uhispania. Mawakili wake walidai kinga, yaani ulinzi wa kisheria unaomwepusha kiongozi wa nchi moja kuhukumiwa na mahakama za nchi nyingine. Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, liliamua tarehe 24 Machi 1999 kwamba kinga hiyo haikumfaa kwa utesaji uliotendwa baada ya mataifa husika kufungwa na mkataba, na hoja yenye uzito kuliko zote ilikuwa nyepesi kueleweka: ikiwa utesaji kwa mujibu wa mkataba ni kosa linalotendwa na afisa akiwa kazini, basi kumpa kinga kila aliyetenda akiwa kazini ni kuufuta mkataba wenyewe. Pinochet alirudishwa kwao mwaka 2000 kwa sababu za afya bila kuhukumiwa, lakini kanuni ilibaki, na mwaka 2005 Faryadi Zardad, kamanda wa Afghanistan aliyekuwa amekimbilia Uingereza, alihukumiwa London kifungo cha miaka 20 kwa utesaji na utekaji nyara alioufanya nchini kwake.

Kinga haikufa yote. Tarehe 14 Februari 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague iliipa ushindi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo dhidi ya Ubelgiji, ikisema kwamba waziri wa mambo ya nje aliye madarakani hawezi kukamatwa na mahakama za nchi nyingine, hata kwa tuhuma nzito kabisa. Kanuni hiyo inasaidia mataifa kuzungumza, lakini ina madhara yanayojulikana, kwani humpa mtesaji sababu ya kung'ang'ania kiti.

Pingamizi kubwa la Waafrika si la kisheria bali la kihistoria. Mnamo 2008 Umoja wa Afrika ulilaani kile ulichokiita matumizi mabaya ya mamlaka hii dhidi ya viongozi wa bara hili, na hakuna anayeijua Manyani atakayelipuuza lalamiko hilo, kwa sababu inauma kuona majaji wa mataifa yaliyojenga kambi wakiwahukumu watoto wa waliofungwa humo. Hata hivyo, dawa ya upendeleo ni kuipanua sheria ifike kila upande. Idi Amin, ambaye utawala wake wa 1971 hadi 1979 ulijaza vyumba vya mateso Kampala, alifia Jeddah tarehe 16 Agosti 2003 bila kuulizwa swali na hakimu yeyote, na ukimya huo haukuwaletea Waganda heshima wala uhuru wa ziada.

Jibu bora zaidi lilitoka Dakar. Hissène Habré, aliyeitawala Chad kuanzia 1982 hadi 1990, aliishi Senegal kwa miaka mingi huku waathiriwa wake wakibisha hodi katika mahakama za Dakar na Brussels. Mwaka 2006 Umoja wa Afrika wenyewe uliitaka Senegal imhukumu kwa niaba ya Afrika, na tarehe 20 Julai 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaamua kwamba Senegal ilikuwa imekiuka Mkataba dhidi ya Utesaji kwa kumweka bila kumshtaki wala kumkabidhi kwa nchi iliyotaka kumshtaki. Mahakama maalumu iliyoundwa nchini humo, chini ya jaji kutoka Burkina Faso, ilimhukumu kifungo cha maisha tarehe 30 Mei 2016.

Kenya nayo haiwezi kujifanya mgeni wa fundisho hili. Mwezi Oktoba 2012 Mahakama yake ya Rufani iliamua, katika kesi ya Wasomali walioshtakiwa Mombasa kwa uharamia, kwamba mahakama za Kenya zinaweza kuwahukumu maharamia waliokamatwa nje ya maji ya nchi, kwa kuwa kosa hilo ni dhidi ya mataifa yote. Anayekubali kwamba mvuvi wa Puntland aliyebeba bunduki baharini ahukumiwe Mombasa atapata shida kueleza kwa nini kanali aliyewanyonga watu kwa nyaya katika nchi jirani asihukumiwe. Serikali yenyewe ilishindwa mtihani huo tarehe 27 Agosti 2010, ilipompokea Nairobi Rais Omar al-Bashir wa Sudan, aliyekuwa akitafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa makosa yaliyojumuisha utesaji, naye alikuwa mgeni katika sherehe ya kuzindua Katiba ambayo kifungu chake cha 25 kinasema kwamba haki ya kutoteswa haiwezi kuwekewa mpaka. Ni kweli pia kwamba fundisho hilo linakata kuwili: waathiriwa wa mateso katika vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi, walipewa fidia na mahakama za Nairobi, lakini maofisa waliowatesa hawakufungwa, na Mkenya anayeshangilia hukumu ya Dakar lazima akubali kwamba siku moja afisa wa Kenya anaweza kukamatwa katika uwanja wa ndege wa mbali.

Kenya ilijiunga na Mkataba dhidi ya Utesaji mwezi Februari 1997, na Katiba ya 2010 imeufanya kuwa sehemu ya sheria ya nchi. Afisa anayetuhumiwa kutesa, akivuka mpaka kutoka Holili kuingia Taveta na kushika njia ya Voi, huwa amejiingiza katika eneo ambalo mkataba huo unatenda kazi. Haumlazimishi hakimu wa Taveta au wa Voi kumtia hatiani. Unazitaka mamlaka zimzuie pale habari zilizopo zinapokuwa za kutosha, zifanye uchunguzi wa awali mara moja, ziijulishe nchi yake, na ikiwa hatakabidhiwa kwa nchi iliyo tayari kumshtaki, zipeleke jalada lake kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye ataamua kama anavyoamua kesi yoyote nzito ya kawaida, mashahidi wakiwa bado hai.