Swichi ya betri: Kinga ndogo ya mtaji wa gari la zamani

MWEKEZAJI anayenunua gari la zamani akitegemea lipande bei hukagua bodi, injini na kadi ya usajili. Betri huiona kuwa kitu cha kununua na kutupa. Hata hivyo, kwa gari linalolala gereji wiki tatu kati ya nne, betri ndiyo chanzo cha hasara za aina mbili. Ya kwanza ni ndogo lakini hujirudia. Ya pili ni kubwa na inaweza kumaliza mtaji wote kwa dakika chache.

Hasara zote mbili hupunguzwa na kifaa kimoja cha bei nafuu, yaani swichi ya kukata umeme wa betri. Kinachowagharimu wengi si bei ya swichi yenyewe, bali kununua isiyofaa au kuifunga mahali pasipofaa.

Umeme unaovuja

Magari kama Volkswagen Beetle yalitoka kiwandani na vifaa vichache vya umeme. Kinachonyonya betri gari likiwa limezimwa ni vile vilivyoongezwa baadaye, kama redio na kengele ya wezi, au alteneta iliyochoka. Uvujaji ukiwa ampia 0.05 tu, betri ya ampia-saa 40 hukauka kabisa kwa saa 800, sawa na siku 33. Nusu ya chaji huwa imekwisha kabla ya siku ya 17.

Betri ya risasi na asidi ikikaa bila chaji, bamba zake hushika salfa ngumu na uwezo wake hupungua. Mwenye gari hununua betri nyingine, na baada ya miezi michache mambo hurudi pale pale. Hiyo ndiyo hasara ndogo.

Hasara kubwa ni moto. Katika magari mengi ya zamani, waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye stata haupiti kwenye fyuzi. Ukichubuka na kugusa bodi, betri humwaga mamia ya ampia hadi kitu kiungue. Kwa Beetle hatari huongezeka kwa sababu betri iko chini ya kiti cha nyuma. Kifuniko chake kikipotea na springi za kiti zikalegea, uzito wa abiria hutosha kuzifanya ziguse vichwa vya betri. Beetle ya mwisho ya muundo ule wa asili ilitengenezwa Mexico mwezi Julai 2003. Inayoungua leo haina mbadala kutoka kiwandani.

Aina tatu za swichi

Aina ya kwanza hubanwa juu ya kichwa cha betri na hukata umeme kwa kulegeza kitufe cha kuzungusha. Ni rahisi na haihitaji waya mpya, lakini huongeza kimo cha betri. Ndani ya Beetle, kimo hicho huisogeza chuma karibu na springi za kiti, na kinga hugeuka kuwa hatari.

Aina ya pili ina vituo viwili vya waya mnene na ufunguo unaochomoka. Hufungwa mbali kidogo na betri, na ufunguo ukiondolewa mwizi naye hukutana na gari lisilo na umeme. Kwa gari la kawaida lililowekwa kama akiba, hii ndiyo inayofaa zaidi.

Aina ya tatu ina vituo sita na hutumika katika magari ya mashindano. Kanuni za shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, zinataka swichi ikate umeme wote na kuzima injini. Swichi ya vituo viwili haitoi uhakika huo, kwa sababu injini ikiwa inazunguka alteneta huendelea kulisha plagi. Aidha, kukata betri injini ikiwa inafanya kazi hupandisha volti ghafla na kunaweza kuua alteneta. Swichi ya vituo sita hukata pia umeme wa plagi, na ule uliobaki katika alteneta huelekezwa kwenye kizuizi maalumu. Injini ya dizeli isiyo na plagi za cheche huweza kuendelea kuzunguka hata betri ikikatwa.

Upande wa kufunga

Swichi ya vituo viwili hufungwa kwenye waya unaounganisha betri na bodi. Sababu ni kwamba spana ikiteleza upande huo na kugusa bodi, hakuna shoti. Kwa Beetle ni upande hasi. Lakini fundi asikisie. Magari mengi ya Uingereza ya wakati huo, kama MGB zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa 1967, yalitoka kiwandani upande chanya ukiwa ndio unaokwenda kwenye bodi. Hali kadhalika, mengi yalibadilishwa baadaye na wamiliki, hivyo inafaa kufuata waya kwa macho.

Kazi huanza kwa kufungua waya wa bodi kwanza, na wakati wa kurudisha huo huo hufungwa mwisho. Waya wote unaotoka betri kwenda kwenye bodi au injini lazima upitie kwenye swichi. Ukiachwa mmoja pembeni, umeme utapita huko na swichi itakuwa pambo.

Ubora wa viungo ndio unaotofautisha kazi nzuri na mbaya. Stata ikivuta ampia 200, kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa omu 0.01 tu hupoteza volti 2. Hapo kiungo hicho hutoa joto la wati 400, na mwenye gari hulaumu betri wakati kosa ni la nati. Waya mpya usiwe mwembamba kuliko ule wa awali, na vichwa vyake vibanwe kwa mashine, si kwa nyundo.

Mwisho ni jaribio. Swichi ikizimwa, taa na honi zisifanye kazi. Ikiwashwa, injini iwake kwa nguvu ile ile ya zamani.

Mipaka yake

Swichi haichaji betri. Hata ikikatwa, betri hupungua yenyewe, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa hupungua haraka zaidi, hivyo chaji ya kila mwezi bado inahitajika. Swichi haizuii springi ya kiti kuunganisha vichwa viwili vya betri moja kwa moja, kwa hiyo kifuniko ni lazima. Wala haizuii mpira wa petroli uliopasuka.

Kwa wauzaji na wanunuzi

Mwenye duka la vipuri Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, anayetaka kuweka bidhaa hii aangalie kama uwezo wa ampia umechapwa kwenye swichi yenyewe: wa muda wote na wa sekunde chache za kuwasha. Swichi isiyo na maandishi hayo hurudishwa dukani ikiwa imeyeyuka. Faida pia iko kwenye waya mnene na vichwa vyake vya shaba, kwa kuwa mteja wa swichi huvihitaji siku hiyo hiyo. Swichi za vituo sita ziagizwe kwa oda, kwani wateja wake ni wachache, wakiwamo washiriki wa mashindano kama East African Safari Classic Rally yaliyoanza mwaka 2003.

Kwa mwekezaji, swichi ifungwe bila kutoboa bodi, ikiwezekana kwa kutumia tundu na bolti zilizopo. Mnunuzi wa gari la zamani hulipia uasili, na tundu jipya huonekana. Risiti, picha za kazi na waya wa awali vihifadhiwe pamoja na kadi ya gari. Siku ya kuuza, vitamwonyesha mnunuzi kwamba umeme wa gari hilo ulishughulikiwa na mtu aliyejua anachofanya.