Simu ya mezani ya intaneti: namba ni ile ile, umeme ni juu yako

Wiki iliyopita bibi mmoja, msikilizaji wetu mwenye binti anayeishi Uingereza, alitupigia studio na swali. Binti amemwambia kwamba kampuni ya simu inaondoa laini ya zamani nyumbani kwake na kumwekea ya intaneti. Namba haibadiliki, na simu yenyewe inabaki pale pale mezani. "Sasa wanabadilisha nini, wanangu?" akauliza. Tulimjibu kwa kifupi hewani, taarifa ya habari ikatukata. Tunajibu hapa kwa urefu, maana swali lake linawahusu hata wasikilizaji ambao hawajawahi kuwa na simu ya mezani.

Tuanze na ile ya zamani. Waliowahi kuiona posta au ofisini wataikumbuka: simu nzito, na waya unaotoka ukutani kwenda nguzoni. Waya ule ni wa shaba, nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, na unafika mpaka kwenye mitambo ya kampuni ya simu mjini. Wengi hawakujua kwamba haukubeba sauti peke yake. Ulibeba na umeme, kama volti 48 hivi, kutoka kwenye betri kubwa zilizopangwa kule kwenye mitambo. Ndiyo maana mtaa mzima ungeweza kuwa giza na simu ya mezani bado ikaita. Hukuichaji. Ilikula kwa kampuni.

Simu ya intaneti haifanyi kazi hivyo. Unapozungumza, kifaa kinapima sauti yako mara nyingi mno, kwa kawaida mara 8,000 kila sekunde, na kuigeuza kuwa tarakimu. Tarakimu hizo zinafungwa katika pakiti ndogo ndogo, kama 50 kwa sekunde, kila moja ikiandikwa anwani ya inakokwenda kama barua. Zinasafiri njia moja na picha na video za watu wengine, na zikifika zinapangwa tena kuwa sauti. Pakiti ikipotea njiani, neno linakatika. Zikichelewa, ninyi wawili mnajikuta mnasema kwa pamoja, kisha mnanyamaza kwa pamoja. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, yaani kama sehemu ya saba ya sekunde.

Utasema hiyo si ndiyo WhatsApp? Karibu sawa. Tofauti ni kwamba WhatsApp inampata mwenye WhatsApp tu, lakini simu hii ina namba ya kawaida, hata mwenye kitochi anaipigia. Kampuni ina kompyuta inayokumbuka kwamba namba fulani sasa iko kwenye kifaa fulani, nyumba fulani, na kuipeleka simu huko. Kwa hiyo bibi yetu ataendelea kupiga namba ile ile ya binti, akianza na +44. Na bei haishuki kwa sababu binti amebadilishiwa: kwa mtandao wake hiyo bado ni simu ya nje ya nchi.

Kwa nini kampuni zinahangaika hivi? Mitambo ya zamani imechakaa, vipuri vyake ni shida kupata, na mafundi wanaoijua wanastaafu. Kuendesha mtandao mmoja wa intaneti ni nafuu kuliko kuendesha miwili. Uingereza iliacha kuuza laini mpya za zamani Septemba 2023. Kuzima kabisa kulipangwa Desemba 2025, kisha kukasogezwa hadi mwisho wa Januari 2027.

Kilichosababisha kusita ni umeme. Novemba 2021 dhoruba iliyoitwa Arwen ilipiga kaskazini mwa Uingereza na Uskoti. Nyumba zipatazo milioni moja zilikosa umeme, nyingine kwa zaidi ya wiki. Ruta ikizima, simu ya intaneti inazima nayo, na vijijini kule minara ya simu za mkononi nayo iliishiwa nguvu. Machi 2022 kampuni kubwa ya BT ilisimamisha kwa muda kuwahamisha wateja kwa lazima, ikakiri kwamba haikupima vizuri usumbufu wake.

Kuna na suala la wazee. Uingereza wazee na wagonjwa wengi wanavaa kitufe shingoni au mkononi. Ukianguka unakibonyeza, kinapiga simu kupitia laini ya nyumbani, msaada unakuja. Watu wapatao milioni 1.8 wanategemea vifaa hivyo. Baadhi viligoma baada ya laini kubadilishwa, na Desemba 2023 serikali na kampuni zilitia saini makubaliano ya kutomhamisha mtu wa namna hiyo kabla ya kuhakikisha kifaa chake kinafanya kazi.

Msimamizi wa mawasiliano wa huko, Ofcom, ametaka kampuni ziwape wanaotegemea simu ya nyumbani njia ya kupiga namba za dharura kwa angalau saa moja umeme unapokatika. Saa moja! Sisi ambao umeme unaweza kuondoka asubuhi na kurudi usiku tunaona hiyo ni ndogo.

Kwa hiyo binti wa bibi aulize mapema: je, watampa betri ya akiba? Kama ana mzee au mgonjwa ndani, awaambie kampuni kabla fundi hajafika. Akihama na kifaa chake, abadilishe anwani aliyoandikisha, maana akipiga 999 wanaweza kupelekwa nyumba aliyoiacha. Na mtu akimpigia kusema "lipia kwanza tukubadilishie laini" na kudai namba za kadi ya benki, akate simu. Matapeli wameshalishikilia jambo hili.

Na huku kwetu? Zahanati, shule au ofisi ya kata ikiletewa faiba na simu ya mezani juu yake, swali ni lile lile la betri, nalo liulizwe kabla ya kusaini mkataba. Ruta nyingi ndogo zinatumia volti 12 na umeme kidogo sana, kwa hiyo betri ya sola yenye kifaa cha kutuliza volti inaweza kuiendesha usiku kucha. Angalia volti zilizoandikwa kwenye chaja yake, na umwachie fundi aunganishe. Kama faiba imepitia boksi jingine ukutani, nalo lina chaja yake. Ruta ikiwaka na boksi hilo likazima, simu haitaita.