Besi ya Kupimiwa

Fundi wa magitaa anapompokea mteja anayetaka kuchongewa besi, mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye swali gumu: nyuzi ziachane kiasi gani pale chini, kwenye daraja? Milimita 19, kama besi nyingi za kampuni ya Fender? Au 17? Au 16.5? Mteja aliyepiga besi miaka 15 hujikuta hana jibu. Mkono wake unalo. Mpe gitaa lisilo lake, na kabla hajamaliza wimbo mmoja atakwambia nyuzi zimebanana au zimeachana mno. Ila hajawahi kuchukua rula akapima.

Ni kama kupeleka kitambaa kwa fundi cherehani, isipokuwa fundi cherehani ana utepe wake. Anakuzungushia kifuani, kiunoni, anaandika namba kwenye kidaftari, unaondoka. Fundi wa besi mara nyingi yuko bara jingine, na utepe anakuachia wewe. Ndiyo maana mpenzi wa besi aliyeamua kuagiza utamkuta jioni sebuleni, rula mkononi, anapima upana wa shingo ya gitaa lake, kisha la rafiki, kisha lile aliloliuza mwaka juzi akakaa akilijutia.

Kwa wasiolifahamu: gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne, E, A, D na G, zikiwa oktava nzima chini ya nyuzi nne nene za gitaa la solo au rithimu. Uzi wake mnene kuliko yote hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi la sauti hiyo hewani lina urefu unaozidi mita 8. Kuta hazina uwezo mkubwa wa kuzuia sauti za chini namna hiyo. Jirani wa ukumbi wa dansi analijua hilo vizuri: waimbaji hawasikii, solo halisikii, lakini besi iko naye kitandani mpaka majogoo.

Chombo chenyewe si cha kale. Paul Tutmarc wa Seattle, Marekani, alitengeneza besi ya umeme ya kushikwa kama gitaa katika miaka ya 1930, lakini haikuenea. Iliyoenea ni ile ya Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, aliyetoa Precision Bass mwaka 1951. Kabla yake wapiga besi walihangaika na dabo besi, ile ya kusimama nayo, kubwa kama kabati, ya kufunga juu ya gari na ya kumezwa na ngoma mara muziki unapochangamka. Fender aliifanya ibebeke, akaitia umeme, na shingoni akapachika freti, vile vyuma vyembamba vinavyokingama chini ya nyuzi, ili kidole kikibonyeza kitoe sauti sahihi bila kubahatisha. Jina la Precision limetoka hapo. Urefu wa uzi akaupanga kuwa inchi 34, kama sentimita 86.4.

Leo Fender hakujua kupiga gitaa. Zaidi ya miaka 70 sasa, vidole vya wapiga besi wengi duniani vinatembea juu ya vipimo vya mtu ambaye yeye mwenyewe hakuweza kupiga wimbo mmoja kwa gitaa. Alikuwa na sikio la kuwasikiliza wanamuziki waliokuja karakanani, na vipimo vyake vilikubali mikono mingi. Mingi, si yote.

Hapo mwenye busara za nyumbani atauliza: kwani lazima? Jibu la haki ni hapana. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi sana za kampuni ya Motown huko Detroit, alitumia Precision ya 1962 ya dukani tu. Nyuzi hakuzibadilisha mpaka zikatike, na kwa mkono wa kulia alizikwanyua kwa kidole kimoja, cha shahada. Hakuwahi kuhitaji mbao adimu. Na Jaco Pastorius, aliyewatia wazimu wapiga besi wa miaka ya 1970, alijulikana kwa Fender Jazz Bass, ya 1962 pia, isiyo na freti, ambayo ubao wa shingo yake aliupaka epoksi ya kupakia mashua ili nyuzi za chuma zisiutafune. Hiyo nayo ni besi ya kipekee, ila fundi ni mwenyewe.

Kwa upande wetu suala la besi ya mtu binafsi lina historia yake. Katika muziki wa dansi wa Tanzania vyombo vilikuwa vya bendi, na bendi ilikuwa ya taasisi: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mpiga besi akihama, na kuhama kulikuwa kwingi, besi aliiacha ukumbini ikimsubiri mrithi. Mtu alijifunza kupiga chochote kilichoning'inia pale. Kizazi kilicholelewa hivyo hakina mazoea ya kuuliza milimita, na ukweli ni kwamba kilipiga vizuri.

Sasa Anthony Jackson. Huyu ndiye mfano ambao wapiga besi huutaja pindi mtu anaposema kuagiza ni maringo. Mzaliwa wa New York, mwaka 1952, ndiye aliyepiga ule mwanzo wa besi kwenye “For the Love of Money” ya The O'Jays, wimbo wa 1973. Hoja yake ilikuwa rahisi kiasi cha kuudhi: besi ni mtu wa ukoo wa gitaa, gitaa lina nyuzi sita, basi kwa nini besi iwe na nne? Alitaka B chini ya E, na C juu ya G. Dukani hapakuwa na kitu kama hicho. Mwaka 1975 fundi Carl Thompson wa New York akamtengenezea.

Haikumfaa. Nyuzi sita zilibanana, kidole kikikwanyua mmoja kinagusa wa pili. Mtu mwingine angerudi kwenye nne akasema nimejaribu. Jackson aliendelea kuagiza. Akapita kwa Ken Smith, kisha kwa Vinny Fodera na Joey Lauricella, waliofungua karakana yao Brooklyn mwaka 1983, na kila chombo kilichotoka kilikuwa masahihisho ya kilichotangulia. Nyuzi zikaachana zaidi, shingo ikapanuka. Urefu wa uzi ukafika inchi 36, maana B ya chini hutetema mara 31 tu kwa sekunde, na uzi mfupi wenye sauti hiyo hulegea kama kamba ya kuanikia nguo. Ukiurefusha bila kubadilisha unene, inabidi ukazwe zaidi ili sauti ibaki ileile, na ukikazika unasema neno badala ya kunguruma.

Urefu huo una gharama yake. Kwenye besi ya inchi 34, freti ya kwanza iko kama milimita 48.5 kutoka ncha ya juu ya uzi. Kwenye ya inchi 36 ni kama 51. Mkono wa kushoto ndio unaolipa tofauti hiyo, usiku kucha. Fundi Sheldon Dingwall wa Saskatoon, Kanada, alishika njia ya katikati: kwenye besi zake freti zimetandazwa kama upepeo, B ikapata inchi 37 na G ikabaki na 34. Anayeziona mara ya kwanza hudhani zimetengenezwa na mlevi.

Jackson alipofika mwisho wa safari yake, besi yake ya Fodera haikuwa na kitufe hata kimoja, si cha sauti wala cha besi na treble. Miaka yote ile, na alichokuwa akiagiza kwa sehemu ni vitu vya kuondolewa.

Wengine walikwenda kinyume chake. Stanley Clarke, aliyetoka kwenye dabo besi, alivuma na besi ya Alembic yenye uzi mfupi wa inchi 30.75, nyepesi kukimbilia, akapiga besi mbele ya bendi kama watu wapigavyo solo. Alembic yenyewe ilichipuka California kutoka kwa mafundi mitambo waliokuwa wakiihudumia bendi ya Grateful Dead, na ndio walioonyesha kwamba besi inaweza kuchongwa kwa uangalifu uliokuwa ukitengwa kwa fidla.

Kwenye mbao ndipo wapenzi wa besi hugombana, na mwandishi huyu anakiri kuona sehemu kubwa ya ugomvi huo kuwa raha tu ya kubishana. Sauti ya besi ya umeme huanzia kwenye pikapu, na si ile gari ya kubebea mchanga: ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko, imekaa chini ya nyuzi. Uzi wa chuma ukitetema juu yake, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya. Pikapu ikiwa karibu na shingo, sauti inakuwa nene na ya mviringo; ikisogezwa karibu na daraja, inakauka na kukata. Sentimita chache tu hapo hubadilisha kitu ambacho kila sikio linakisikia. Mbao zina kazi yake, hasa kwenye ugumu wa shingo na kwenye uzito. Besi nyingi zina kilo 4 hivi. Jaribu kuning'iniza dumu la lita nne la maji begani kuanzia saa tatu usiku, halafu uje tuzungumze kuhusu sauti ya mbao.

Lakini mbao ni nzuri kutazama, na baadhi zimetoka kwetu. Kampuni ya Warwick ya Ujerumani ilijijengea jina kwa shingo za wenge, mti wa kahawia iliyokolea wenye mistari myeusi kutoka misitu ya Kongo, mti uleule uliolipa jina kundi la Wenge Musica la Kinshasa. Mwili wa besi yake ya Thumb ulikuwa wa bubinga, wa misitu hiyohiyo ya Afrika ya Kati. Mpingo wa Tanzania na Msumbiji, ambao ukiutupa majini unazama, umezoeleka zaidi kwenye klarineti, ila wapo mafundi wanaoutumia kwa ule ubao wa shingo unaokaa chini ya vidole.

Uzuri huo umeleta makaratasi. Tangu Januari 2, 2017, jamii nzima ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, pamoja na aina tatu za bubinga, zimewekwa chini ya uangalizi wa mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kwa karibu miaka mitatu hata gitaa lililokwisha tengenezwa lilihitaji kibali likiuzwa nje ya nchi. Wanamuziki na watengenezaji wakalalamika sana, na tangu Novemba 26, 2019, vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaondolewa kwenye sharti hilo. Mbao ghafi hazikuondolewa. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam anayedhani atampelekea fundi wa Ulaya kipande cha mpingo kwenye begi, “nichongee na hiki,” aanzie ofisi ya misitu, si uwanja wa ndege.

Baada ya hapo yanabaki maamuzi madogomadogo yanayokula usiku. Saketi ya betri au isiyo na betri? Yenye betri humpa mpigaji nguvu ya kuongeza na kupunguza sauti za chini na za juu palepale kwenye gitaa, ila betri ya volti 9 ina tabia ya kufa katikati ya sebene, kwa hiyo mwenye akili huomba na swichi ya kuiruka. Pembe ya juu ya mwili ifike wapi? Ikiwa fupi, kichwa cha gitaa huzama chini, na mkono wa kushoto unageuka nguzo badala ya kupiga.

Kisha kungoja. Wanaolalamika kwamba fundi cherehani wa mtaani alisema Ijumaa akamaanisha Ijumaa ya mwezi ujao wajaribu mafundi wa besi wenye majina, ambao kwao kungoja mwaka na zaidi si jambo la kushangaza. Malipo ni maelfu ya dola, sehemu yake hutangulia. Mbao lazima zikauke na kutulia. Shingo iliyochongwa kwa haraka hupinda ikikutana na joto la pwani. Kuna jambo jingine ambalo muuzaji halisemi kwa sauti kubwa: kadiri besi inavyoufuata mkono wako, ndivyo inavyoukataa mkono wa mwingine. Ukija kuiuza, aliyetaka milimita 16.5 na shingo nyembamba na rangi ya embe bivu ni wewe peke yako.

Wapo ambao hawajawahi kufikiria kuuza. Mpiga besi Victor Wooten alinunua Fodera yake mwaka 1983, karakana ikiwa changa na yeye bado kijana, na ndiyo iliyoendelea kuwa besi yake kuu alipozunguka dunia.

Siku boksi linapofika, mpenzi wa besi hatafuti amplifaya kwanza. Huketi, akaipakata, akaegemeza kidevu kwenye pembe ya juu na kukwanyua uzi wa chini kabisa. Mtetemo hupita kwenye mbao ukaingia kwenye taya, na ndani ya kichwa chake besi isiyo na umeme inaunguruma kama imefungwa spika. Watoto wanamwangalia. Halafu huja onyesho la kwanza, Jumamosi, ukumbi umejaa. Miezi 14 ya kungoja, barua zisizohesabika, namba zote zile. Wimbo wa tatu ukiisha, mpiga solo anamgeukia.

“Leo umebadilisha nyuzi?”