Riwaya ya Bwana Msa: Kuiazima, Kuicheka na Kuihakiki

Riwaya ya kuchekesha hupita mikono mingi kuliko kitabu kingine chochote. Aliyeimaliza humpa jirani, jirani humpa shemeji, na baada ya miezi michache mwenyewe hajui kitabu chake kipo kata gani. Mojawapo ya riwaya zinazostahili safari hiyo, pamoja na maelezo mafupi ya wale waliokwisha kuisoma, ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Riwaya hiyo ilishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili lililoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957–58, na ilichapishwa mwaka 1960.

Mwandishi wake alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla ya kuingia katika uandishi wa habari alikuwa mkaguzi wa afya, na baadaye alihariri Mkulima, jarida la kilimo la Zanzibar, hadi alipostaafu mwaka 1968. Kwa maneno mengine, alikuwa bwana afya kwanza, kisha mtu wa jarida la kilimo, na katikati ya kazi hizo akamtunga mpelelezi maarufu kuliko wote katika fasihi ya Kiswahili. Huenda ndiyo sababu Bwana Msa ana tabia ya mkaguzi: huingia nyumbani kwa watu kwa adabu, huuliza maswali madogo, na hakubali jibu kabla ya kuliona kwa macho yake.

Kisa chenyewe kinahusu mtu tajiri aliyeuawa na maiti yake kukutwa mzimuni, mahali panapoogopwa na wenyeji. Bwana Msa, kiko mdomoni, hashughuliki na vitisho vya mahali hapo. Hutaka kujua nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani atanufaika na kifo hicho. Vichekesho vinatokana na mabishano, na maneno yenye maana mbili, na watu wanaojiona werevu kumbe wamekwisha kujifunga kwa ulimi wao.

Msomaji wa Tabora anaweza kushangaa kicheko kinafanya nini penye maiti. Hata hivyo, asiyeshangaa ni yule aliyewahi kuona watani wakiingia msibani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na utani huo ulikua katika njia ya misafara iliyounganisha Bagamoyo na Unyanyembe, pale wapagazi walipokutana na watu wa pwani mwaka hadi mwaka. Mtani huruhusiwa kumkejeli marehemu mbele ya wafiwa, na hakuna anayemkemea. Njia hiyohiyo ndiyo iliyoleta Kiswahili Tabora mapema, na iliwapeleka Wanyamwezi wengi Unguja, ambako baadhi yao walifanya kazi katika mashamba ya karafuu na kubaki huko. Kwa hiyo riwaya ya Unguja si ngeni sana hapa. Neno moja tu huenda likampoteza msomaji: kwa Kiswahili cha bara, mzimu kwa kawaida ni roho ya marehemu, lakini huko Unguja mzimu ni pia mahali penyewe pa matambiko. Mhakiki akilieleza hilo katika sentensi moja, atakuwa amewasaidia wengi.

Kuna sababu nzito zaidi ya kuisoma riwaya hii katika mikoa ya magharibi. Hapa, kifo kisichoelezeka kimewahi kupelekwa kwa mpiga ramli kabla ya kupelekwa polisi au hospitali, na matokeo ya ramli chonganishi yamekuwa wazee kuuawa, hasa wanawake, kwa tuhuma za uchawi. Wakazi wengi wamechoka kuhutubiwa juu ya jambo hilo. Bwana Msa hahutubu. Anauliza tu, na kila anapouliza, hofu inapungua kidogo na mtu mwenye sababu ya kuua anaonekana zaidi. Kikundi kinachoisoma pamoja kinaweza kusimama kwenye kila ushahidi na kujiuliza: je, mpiga ramli angemtaja nani hapa?

Uhakiki wa kupitishana na kitabu hauhitaji elimu ya chuo. Karatasi moja iliyowekwa ndani ya jalada inatosha. Msomaji aandike ni ukurasa upi ulimchekesha na kwa nini, ni neno gani la pwani lilimshinda, na ni mhusika gani alimshuku hadi mwisho wa sura gani. Muuaji asitajwe kabisa. Anayemtaja amemnyang'anya msomaji anayefuata kitabu kizima, na kosa hilo ni baya kuliko kukunja kurasa. Lawama nazo ziandikwe: lugha ya miaka ya 1950 ina mizunguko, na wapo watakaoona kwamba Bwana Msa anajua mno.

Upande wa nyuma wa karatasi hiyo uwe na jina la mwenye kitabu, tarehe kilipotoka na jina la aliyenacho sasa. Asiye na nakala aulizie Maktaba ya Mkoa wa Tabora, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambako pia ataelezwa utaratibu wa uanachama na kuazima. Ataje jina la mwandishi, kwa kuwa Bwana Msa anaendelea katika Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973) na Siri ya Sifuri (1974), na si lazima kuanza na kile cha kwanza.