Vitabu vya Kumwongoza Anayeanza Kuigiza Vita vya Taita Taveta

Kuigiza vita vya kale si kuvaa mavazi ya askari na kushika bunduki tu; ni kusoma kwanza. Kwa anayeanza kuigiza mapigano ya Taita Taveta ya 1914–1916, vitabu vitatu vyafaa.

Cha kwanza ni historia rasmi ya Uingereza iliyokusanywa na Charles Hordern (1941). Humo mmeelezwa mpango wa mapigano ya Salaita, tarehe 12 Februari 1916, na ya Latema na Reata mwezi uliofuata. Cha pili ni kumbukumbu za jemadari wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck (1920), zinazoonyesha upande wa pili.

Hata hivyo, wote wawili walikuwa maofisa, nao waliviona vita kwa jicho la ofisa. Ndiyo maana cha tatu, cha Geoffrey Hodges (1986) juu ya wapagazi, hakifai kuachwa. Majeshi yalipoelekea kusini, mbali na reli ya Voi, chakula na risasi vilibebwa na watu, na maelfu kwa maelfu walikufa. Wengi wao hawakuacha maandishi; lugha imewahifadhi katika neno Kariakoo, litokanalo na jina la kikosi chao, Carrier Corps. Igizo lisilo na mpagazi ni nusu ya historia.