Tairi la Gari la Kazi: Tulichague kwa Njia na Mzigo, Siyo kwa Bei Peke Yake



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya mishahara, likizo na mikataba. Safari hii tunaandika juu ya tairi. Wengine watauliza: tairi ni kazi ya dereva na fundi, chama kinaingiaje humo? Jibu ni kwamba mfanyakazi wa shamba hufika kazini juu ya tairi. Akiumia hukimbizwa hospitali juu ya tairi. Mazao aliyovuna hufika kiwandani juu ya tairi. Na tairi likipasuka, mwajiri aliyelinunua huwa ofisini. Wanaoanguka ni dereva na wale waliopanda nyuma.

Kwa hiyo ni haki yetu kujua tairi jema ni lipi, na kusema neno kabla halijanunuliwa.

NJIA KWANZA

Tuchukue mfano wa Kenani, wilaya ya Nchelenge, katika mkoa wa Luapula, Zambia. Mwaka 2017 ndugu zetu kwa maelfu waliokimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika, nchini Kongo, walipokelewa katika kituo cha Kenani. Mwezi Januari 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa katika wilaya hiyo hiyo. Watu, unga, mahema na dawa, vyote vilipita njia za huko kwa gari.

Dereva wa upande ule hukutana na njia za aina tatu. Kuna lami inayotoka Mansa mpaka Nchelenge. Kuna barabara za udongo na changarawe zinazoingia vijijini na mashambani, ambazo masika, kuanzia Novemba hadi Aprili, hugeuka utelezi. Na kuna mchanga wa ufukweni mwa Ziwa Mweru, kama pale Kashikishi ambako magari hufuata samaki. Tairi moja haliwezi kuwa bora kwa zote tatu. Mwenye kuchagua lazima ajue gari lake linashinda wapi.

Ubavuni mwa matairi mengi ya magari ya namna hii utaona herufi. H/T ni tairi la lami. Meno yake yamebanana, halipigi kelele, lakini kwenye tope hujaa udongo na kuteleza kama sabuni. M/T ni tairi la matope. Meno yake ni makubwa na yameachana ili tope litoke. Lakini kwenye lami hunguruma na kuisha upesi, na lami ikilowa mvua breki zake hazishiki vizuri kama za tairi la lami. A/T ni la katikati, la njia zote. Kwa gari linalobeba wafanyakazi, likipita lami kidogo na udongo mwingi, mara nyingi A/T ndilo linalofaa. M/T liwekewe gari ambalo kweli linashinda matopeni. Kuliweka kwa sababu linapendeza macho ni kutupa fedha.

Upana nao una maana. Tope jepesi lenye ardhi ngumu chini yake hutaka tairi jembamba na refu, lipenye mpaka pagumu. Mchanga hutaka tairi lenye kukanyaga eneo kubwa, lisizame. Ndiyo sababu magari mengi ya kazi, Land Rover na Land Cruiser, kwa miaka mingi yalitoka kiwandani na tairi jembamba. Tairi pana linaloonekana mjini si dalili ya nguvu.

SOMA MAANDISHI YA UBAVUNI

Zamani tulitengeneza matairi sisi wenyewe. Arusha kiwanda cha General Tyre kilianza kazi mwaka 1971. Nairobi kulikuwa na kiwanda cha Firestone, ambacho baadaye kilikuwa cha Sameer. Ndola kulikuwa na Dunlop. Vyote vitatu viliacha kutengeneza matairi, kile cha Nairobi mwaka 2016, na wafanyakazi wakapoteza kazi. Leo tairi linatoka ng'ambo, na mwenye duka mara nyingi anachokijua ni bei. Basi ni lazima sisi wenyewe tujue kusoma.

Ukiona 7.50R16, maana yake upana ni inchi 7 na nusu, nyuzi za ndani zimepangwa kwa mtindo wa redio, na rimu ni ya inchi 16. Ukiona 235/85R16, upana ni milimita 235, kimo cha ubavu ni sehemu 85 kwa 100 za upana huo, na rimu ni inchi 16. Matairi haya mawili yanakaribiana sana kwa urefu, kama sentimita 80 kutoka chini hadi juu. Kwa hiyo mara nyingi moja huchukua nafasi ya jingine, mradi rimu inalikubali. Ukifunga tairi refu kuliko linalotakiwa, saa ya mwendo itakudanganya: itaonyesha kidogo, kumbe gari linakimbia zaidi.

Herufi LT zikitangulia au zikifuata vipimo, tairi ni la gari la mizigo midogo. Herufi P ikitangulia, tairi ni la gari la abiria la nyumbani. Hapa ndipo wengi hudanganywa, kwa sababu P huingia kwenye rimu ile ile na bei yake ni nafuu.

HESABU YA MZIGO

Baada ya vipimo kuna namba nyingine, kwa mfano 120/116Q. Namba hiyo inasema uzito. 120 ni kilo 1,400 kwa tairi moja linalosimama peke yake. 116 ni kilo 1,250 kwa kila tairi, pale yanapofungwa mawili mawili pamoja. Herufi Q ni mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa. Namba 104 ni kilo 900 tu. Namba 100 ni kilo 800.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme pikapu ya shamba ikiwa tupu, magurudumu ya nyuma yanabeba kilo 900. Wakapanda wafanyakazi 12, kila mmoja kilo 65: jumla kilo 780. Yakaongezwa magunia 10 ya kilo 50: kilo 500. Karibu uzito wote huo hukaa nyuma. Jumla ni kilo 2,180.

Kama matairi mawili ya nyuma ni ya namba 120, yanaweza kubeba kilo 2,800. Kama ni ya namba 104, yanaweza kubeba kilo 1,800. Yamezidishiwa kilo 380 kabla gari halijaondoka, na bado hatujahesabu mashimo ya njiani. Kwa macho matairi hayo yote ni meusi na yote ni mapya. Namba ndiyo inayosema lipi litawafikisha.

Tusieleweke vibaya. Springi na ekseli nazo zina kikomo chake, na tairi imara haliondoi kikomo hicho. Wala kupakia watu pamoja na magunia si jambo la kulikubali hata kama tairi ni jema.

UMRI NA UCHAKAVU

Tafuta herufi DOT, kisha tazama tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani, na jua letu huuzeesha upesi zaidi. Viwanda kadhaa vikubwa vinashauri kwamba tairi likifika miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 litolewe hata kama meno bado yapo. Hili ni muhimu sana kwa matairi ya mitumba. Meno mazuri hayatoshi. Kunja ubavu kwa mkono utazame nyufa. Tazama ndani kama kuna viraka. Ubavu uliopasuka au uliovimba hauna dawa.

Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira. Meno yakiisha hadi usawa wa vinundu hivyo, yamebaki milimita 1.6, na tairi limekwisha. Kwa njia za matope usingoje kufika hapo.

Wapo wanaochukua tairi lenye kipara na kulichonga meno mapya kwa chuma cha moto. Hiyo ni hatari kubwa, kwa sababu kisu hukaribia nyuzi au huzikata kabisa. Matairi yanayoruhusiwa kuchongwa ni yale ya malori yaliyoandikwa REGROOVABLE peke yake.

YOTE MANNE YAFANANE

Gari linalovuta kwa magurudumu manne halitaki matairi ya vimo mbalimbali. Ya mbele yakiwa marefu na ya nyuma mafupi, na gari likivuta kwa yote manne juu ya njia ngumu, gia zinapigana zenyewe kwa zenyewe mpaka zinavunjika. Usichanganye tairi la redio na la nyuzi za kukingamana kwenye ekseli moja. Na spea iwe ya kipimo kile kile. Spea ya kipimo kingine huwaacha watu njiani usiku.

UPEPO

Tairi jema lisilo na upepo wa kutosha ni tairi baya. Ubavu hujikunja kila linapozunguka, mpira hupata moto, nyuzi huachana, kisha linapasuka. Kipimo cha upepo kimeandikwa kwenye kibao, mara nyingi mlangoni mwa dereva, na mara nyingi cha nyuma ni kikubwa kuliko cha mbele. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimio. Teke la mguu halipimi kitu.

Kwenye mchanga madereva hupunguza upepo, kwa mfano kutoka pauni 40 hadi karibu 25, ili tairi likanyage eneo kubwa. Ni sawa kwa mwendo wa polepole, na gari likiwa halina mzigo mkubwa. Lakini kabla ya kurudi barabarani upepo ujazwe tena. Kwa hiyo gari la kazi liwe na pampu na kipimio chake, kama lilivyo na jeki.

NDUGU WA GEREJI

Magari ya zamani na malori mengi yana rimu zenye ringi ya chuma inayofunga tairi. Ringi hiyo ikiruka wakati wa kujaza upepo, huua. Toa upepo wote, kwa kufungua moyo wa vali, kabla hujagusa ringi. Safisha kutu. Ringi iliyopinda usiirudishe. Jaza upepo tairi likiwa ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu, ukisimama pembeni. Usisimame mbele yake hata kwa dakika moja. Kizimba hicho kinunuliwe na mwajiri, na chama kikidai.

NANI ALIPE, NANI ASEME

Katika kuzunguka matawi nimesikia kisa kile kile mara nyingi. Dereva anasema tairi limekwisha, anaambiwa avumilie hadi mwisho wa mwezi. Linapasuka, kisha anakatwa mshahara kwa kuharibu mali. Hapo dereva ameadhibiwa kwa kosa la mwingine.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 155 wa mwaka 1981 unasema kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Unasema pia kwamba mfanyakazi aliyejitoa kwenye kazi kwa sababu ya msingi, akiona hatari kubwa iliyo karibu, alindwe asipate madhara kwa kufanya hivyo. Mwaka 2022 mkataba huo uliwekwa katika mikataba ya msingi, ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama inawajibika kuziheshimu. Mkataba namba 95 wa mwaka 1949 nao unasema mshahara haukatwi ila kwa masharti ya sheria, ya makubaliano ya pamoja au ya uamuzi wa baraza la usuluhishi.

Basi kila tawi lifanye mambo manne:

1. Liwe na daftari la magari. Kila tairi liandikwe namba yake ya mzigo, tarehe ya kutengenezwa, na siku lilipofungwa.

2. Dereva akiona kasoro aiandike, atie sahihi, na nakala ibaki kwa mwakilishi wa wafanyakazi. Maneno ya mdomo hukanwa.

3. Kabla ya matairi kununuliwa, dereva na fundi waulizwe. Jambo hili liingizwe katika makubaliano ya pamoja.

4. Tairi likionyesha nyuzi, watu wasipande. Wasikatae mmoja mmoja. Wakatae wote pamoja, na mwakilishi aende ofisini saa ile ile.

Mwajiri atasema matairi ni ghali. Ni kweli, ni ghali. Lakini ukilinganisha bei ya matairi manne na gari lililopinduka, na mazao yaliyomwagika, na mjane anayekuja mlangoni na watoto, utaona kwamba tairi ni rahisi. Hesabu hiyo mweleze mwajiri kwa adabu, na daftari mkononi.

Kesho asubuhi, kabla hujapanda, pinda mgongo usome ubavuni mwa tairi. Kisha mfundishe mwenzako aliye jirani nawe.

Umoja ni nguvu.