Kisima na Choo: Somo Kutoka Nyalenda

Mkulima wa skimu akifika Kisumu huuona Nyalenda kama mtaa wa mjini usiomhusu. Kumbe Nyalenda nayo ilikuwa mashamba na maboma ya wenyeji, kabla ya kuingizwa katika mipaka ya mji katika miaka ya 1970. Baba aligawia wanawe ardhi, wana wakajenga vyumba vya kupangisha, na karibu kila kiwanja kikachimbwa choo, vingine na kisima pia.

Nchi ile ni tambarare, tena i karibu na ziwa. Maji hayako mbali chini ya ardhi. Kwa hiyo kisima kifupi hupata maji upesi, lakini shimo la choo nalo hukaribia maji yale yale. Masika yakija, mashimo hufurika. Watafiti waliopima maji ya visima vya Nyalenda na Manyatta walikuta vijidudu vya kinyesi katika visima vingi. Vijidudu hivi havionekani kwa macho. Maji maangavu yaweza kuleta kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, na kuhara huua mtoto mdogo upesi.

Watu wa Nyalenda walifanyaje? Katika miaka ya 2000, Kampuni ya Maji ya Kisumu, iitwayo KIWASCO, ilianza kuwauzia maji ya bomba kwa jumla wenyeji na vikundi vyao. Kampuni huweka mita kubwa mwanzo wa laini. Msimamizi wa laini huyauza majumbani na kwenye vibanda, hukusanya fedha, naye huilipa kampuni kwa kadiri mita ilivyosoma. Bomba likivuja, hasara ni yake. Basi hulitengeneza mara moja.

Lakini bomba halikuviondoa vyoo karibu na visima, na nafasi ya kuvihamishia ni shida kupatikana. Wewe mkulima wa skimu ungali na nafasi. Itumie hivi:

1. Choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko.

2. Shimo la choo lisifikie maji. Liache mita 2 za udongo mkavu chini yake, hata wakati wa masika.

3. Kisima kijengewe ukuta, sakafu ya saruji na kifuniko. Ndoo ya kutekea iwe moja, nayo isiwekwe chini.

4. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini.

5. Kabla ya kuwagawia watoto shamba, kaeni pamoja mwonyeshane mahali pa kisima na mahali pa vyoo. Mwiteni Bwana Afya apaone.

Shimo likishachimbwa mahali pabaya, kulihamisha ni gharama. Anayechagua mahali leo huwaokoa wajukuu wake.